Bustani za Zombo: Hesabu matuta ya kitalu kabla ya kutoa fedha

WAKATI wenye maduka na makampuni wanafunga vitabu vyao mwezi Juni na kusubiri kusikia Waziri wa Fedha amewapangia nini, wakulima wa bustani wa Zombo, wilayani Kilosa, ndio kwanza wanafungua mwaka. Masika yamekatika, maji yamerudi kwenye mikondo yake, mpunga na mahindi ya mabondeni yanaondolewa, na ardhi iliyobaki na unyevu inachukuliwa na nyanya, kabichi, bamia, mchicha, chainizi na nyanya chungu.

Mfanyabiashara wa mboga aliye Ilala, Mabibo au Morogoro mjini kwa kawaida hayajali mambo haya. Yeye huamka saa tisa usiku, huuliza bei ya tenga, hununua, huuza. Ukurasa huu unamshauri aanze kuyajali, hasa kama ana fedha kidogo anayotaka kuiweka shambani badala ya kuiacha benki. Nyanya itakayofika sokoni mwezi wa tisa iko kwenye kitalu sasa hivi. Unaweza kuihesabu kwa macho.

Hali ilivyo mwanzoni mwa msimu

Zombo iko upande wa wilaya ya Kilosa unaoelekea Mikumi, chini ya milima ya Rubeho. Mito ya upande huu, Mkondoa na Miyombo ikiwa mikubwa zaidi, inashuka kutoka milimani na hatimaye maji yake huingia mto Wami. Ndiyo mito hiyo hiyo inayoleta neema na balaa. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 Mkondoa uliacha njia yake, ukavunja reli ya kati na kuwaacha maelfu ya watu wa Kilosa bila makazi. Lakini udongo unaoletwa na mafuriko ndio huo unaofanya bustani za mabondeni zisihitaji mbolea nyingi kama za vilimani.

Miezi ya Juni na Julai ni ya baridi kwa kadiri ya Morogoro. Usiku hupoa, umande hukaa mpaka saa tatu asubuhi. Mbegu ya nyanya ambayo wakati wa joto huota siku ya tano inaweza kuchukua siku nane au zaidi. Mkulima mgeni huona kimya kitaluni, akadhani ameuziwa mbegu mbovu, akamwaga nyingine juu yake. Matokeo yake ni msongamano, na msongamano pamoja na umande huleta kinyausi, ugonjwa unaokata mche mdogo usawa wa udongo kama uliopitiwa na wembe.

Kwa hiyo habari za wiki za kwanza ni za polepole, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mche uliokwenda polepole kwenye baridi, ukiwa na shina nene na rangi ya kijani iliyokolea, ni mali. Mche uliokimbia ni deni. Nitaeleza baadaye jinsi nilivyojifunza jambo hili kwa fedha yangu mwenyewe.

Kusoma kitalu kama unavyosoma hesabu za kampuni

Tuta la kitalu kwa kawaida lina upana wa mita 1, ili mtu aweze kung'olea magugu bila kulikanyaga. Tuchukue tuta la urefu wa mita 10. Mistari ikipandwa kwa kuachana sentimita 15, tuta hilo linapata mistari 66 hivi ya mita moja moja. Mkulima akipunguzia mpaka miche iachane sentimita 4, kila mstari una miche 25. Jumla ni kama miche 1,650. Toa inayokufa na ile dhaifu ya pembezoni, hesabu 1,500 inayofaa kuhamishwa.

Sasa nenda shambani. Nyanya zikipandwa sentimita 90 kati ya mstari na mstari, na sentimita 50 kati ya mche na mche, ekari moja inaingiza miche 9,000 hivi. Ina maana matuta sita ya mita 10 ni ekari moja. Hiyo ndiyo kanuni yote. Mtu anayepita vijijini kwa baiskeli siku mbili, akihesabu matuta ya nyanya na kugawa kwa sita, anarudi mjini na makisio ya ekari zitakazoingia sokoni. Hakuna ofisi itakayompa makisio hayo mapema hivyo.

Pia uliza kuhusu mbegu. Gramu 1 ya mbegu ya nyanya ina punje kama 300, hivyo kopo la gramu 50 ni punje 15,000. Zikiota asilimia 80 ni miche 12,000, inatosha ekari moja na akiba ya kuziba mapengo. Mkulima anayesema atalima ekari tatu huku amenunua kopo moja la gramu 50 anakudanganya, au anajidanganya. Na uone kopo lenyewe. Mbegu zilizothibitishwa hubeba lebo ya Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu, TOSCI. Aina za kawaida ambazo wakulima wa Tanzania wanazifahamu ni Tanya na Tengeru 97, zilizotolewa na watafiti wa Tengeru, Arusha, pamoja na Cal J na Roma. Mfanyabiashara asidharau jambo la aina. Nyanya yenye ganda gumu inavumilia mtikisiko wa lori. Nyanya laini yenye maji mengi inauzwa vizuri Mikumi lakini inafika Dar es Salaam ikiwa supu.

Mboga nyingine nazipita haraka. Mchicha hausubiri kitu, unamwagwa na kuvunwa ndani ya wiki tatu au nne, na ndio unaompa mkulima fedha ya kununulia dawa ya nyanya. Kabichi hukaa kitaluni karibu mwezi mmoja. Vitunguu hukaa wiki sita mpaka nane, na kwa kuwa vinahifadhika, hesabu yake ni tofauti kabisa na hii.

Kwa nini bei ya leo inadanganya

Chuoni tulifundishwa mchoro mmoja ambao wengi wetu tuliukariri kwa ajili ya mtihani tu. Walimu wa uchumi huuita mchoro wa utando wa buibui. Unasema hivi: mkulima hupanga atalima kiasi gani kwa kutazama bei ya leo, lakini atauza kwa bei ya miezi mitatu au minne ijayo. Bei ikiwa juu leo, wengi wanapanda. Mazao yanapofika yote pamoja, bei inaanguka. Bei ikianguka, wengi wanaacha. Msimu unaofuata mzigo ni mdogo na bei inapanda tena. Ukiunganisha mistari unapata utando.

Nyanya inafuata mchoro huo kuliko karibu zao lolote ninalolijua, kwa sababu haihifadhiki. Mahindi unaweka ghalani ukasubiri. Nyanya ikiiva inakupa siku chache tu, ikiwa una kivuli kizuri.

Masika yakiwa makali, bakajani hushambulia bustani, barabara hukatika, na tenga la nyanya hupanda bei mwezi wa nne na wa tano. Mkulima wa Zombo anaisikia bei hiyo kwa simu kutoka kwa ndugu yake aliye Dar. Anasia mbegu mwanzoni mwa Juni. Anahamisha miche mwishoni mwa Juni. Anaanza kuchuma siku 75 hivi baada ya hapo, yaani katikati ya Septemba, na baridi inaweza kumchelewesha wiki moja zaidi. Lakini Ilula, Iringa, Lushoto na mabonde mengine ya Morogoro nao wameisikia bei ile ile. Wote wanakutana sokoni.

Ndiyo maana nasema kitalu kina habari kuliko soko. Matuta yakiwa mengi kuliko mwaka uliopita, mwekezaji mdogo afikirie mara mbili hata kama bei ya Juni inapendeza. Yakiwa machache kwa sababu watu walichomwa na anguko la mwaka jana, hapo ndipo pa kuingilia. Utaona wakulima wawili watatu wenye akili wanaosia mbegu mwishoni mwa Julai badala ya Juni, ili wachume kuanzia Novemba wengine wakiwa wamekwisha. Hao wanabeba hatari ya maji kupungua mtoni mwezi wa Oktoba, na ya vuli kuwahi, lakini hawauzi pamoja na kila mtu.

Hesabu ya tenga

Hesabu ifuatayo ni mfano wa darasani, si bei za soko. Msomaji aweke tarakimu zake mwenyewe.

Tuseme ekari moja inatumia shilingi 2,400,000 mpaka siku ya kuchuma: kukodi shamba, kulima, mbegu, mbolea, dawa, mafuta ya pampu, vibarua wa palizi na miti ya kusimikia. Tuseme inatoa tani 8, na tenga la mbao linabeba kilo 40. Hayo ni matenga 200. Gharama ya shamba kwa kila tenga ni 12,000.

Kisha kuna gharama zinazoanza baada ya nyanya kuiva: kuchuma, tenga lenyewe, kubeba mpaka barabarani, nauli ya lori, ushuru, na dalali wa sokoni. Tuseme zote ni 9,000 kwa tenga. Jumla ni 21,000. Chini ya hapo ni hasara.

Lakini hasara ina sura mbili, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Bei ikiwa 15,000, mkulima anapata hasara, ila aendelee kuchuma. Zile 12,000 za shamba zimekwisha kutumika, hazirudi kwa kuacha nyanya shambani. Kila tenga analouza linamrudishia 6,000 juu ya gharama ya kulipeleka sokoni. Bei ikishuka chini ya 9,000, aache. Kila tenga analopeleka linamwongezea hasara. Watu wa mjini wanapoona picha za nyanya zikioza shambani husema wakulima hawajui biashara. Mara nyingi wamepiga hesabu hii vizuri kabisa, bila karatasi.

Sasa geuza. Mavuno yakishuka mpaka matenga 120 kwa sababu ya ugonjwa, gharama ya shamba kwa tenga inapanda kutoka 12,000 mpaka 20,000, na bei ya kutopata hasara inakuwa 29,000. Bei ya soko haikubadilika, lakini shamba zuri limekuwa shamba baya.

Adui mkuu katika hilo ni mdudu ambaye wakulima wamempa jina la kantangaze. Alitoka Amerika ya Kusini na kuonekana Tanzania mwaka 2014. Funza wake hujichimbia ndani ya jani na ndani ya tunda, ambako dawa haimfikii kwa urahisi, na asipodhibitiwa anaweza kumaliza shamba zima. Mwekezaji anapotembelea kitalu, ainue majani ya chini aangalie kama kuna mistari myeupe iliyochimbwa. Akiiona kwenye mche wa wiki tatu, aage kwa heshima na aondoke.

Fedha yangu ilivyopotea

Niliahidi kueleza. Mwaka wa kwanza baada ya kumaliza shahada, mimi na wenzangu wawili tulikusanya akiba na kuingia ubia na mkulima mmoja wa upande huo. Tulifika kitaluni mwezi Juni. Miche ilikuwa mirefu, inapendeza, imesimama kama majani ya mpunga, wakati ya jirani yake ilikuwa mifupi na iliyojikunyata. Tulitoa fedha siku hiyo hiyo, na moyoni nilijiona mjanja wa kuchagua.

Mama mmoja wa makamo aliyekuwa akimwagilia kitalu cha pili alitutazama. Tulimwamkia, akaitikia, kisha akauliza, "Wanangu, mmenunua ile?"

"Ndiyo, mama."

"Haya. Mungu awajalie."

Sikuelewa alichomaanisha. Miche ile ilikuwa mirefu kwa sababu ilikuwa imesongamana chini ya kivuli cha mwembe na kupewa maji asubuhi na jioni bila kupunguziwa. Ilikuwa ikikimbilia mwanga. Haikukomazwa. Ilipohamishiwa juani ililala chini siku ya kwanza, na sehemu kubwa haikuinuka. Tuliziba mapengo kwa miche ya kununua, ikaiva kwa nyakati tofauti, na kila tulipopeleka sokoni tulikuwa na mzigo mdogo usiojaza hata nusu ya nafasi tuliyolipia kwenye lori. Mkulima hakutuibia. Alifanya kazi kama alivyojua. Sisi ndio tuliosoma kitalu kama watu wanaosoma jalada la kitabu.

Mwaka uliofuata nilirudi kwa yule mama, nikamwomba anifundishe. Alinieleza mambo ambayo baadaye niliyakuta pia kwenye vipeperushi vya kilimo. Nyasi za kufunika kitalu ziondolewe mara mbegu zinapoanza kuchomoza, si siku mbili baadaye. Wiki ya mwisho maji yapunguzwe ili mche uzoee shida. Mche uhamishwe ukiwa na wiki tatu mpaka nne na kimo cha sentimita 12 mpaka 15, jioni, si asubuhi. "Ukiukamata shina uone kama kalamu ya risasi," alisema. "Ukiwa kama uzi, waachie wenyewe."

Kabla ya kutoa shilingi

Wafanyabiashara wengi hupenda kutoa dawa na mbolea mwanzoni mwa msimu na kulipwa nyanya wakati wa mavuno kwa bei iliyokubaliwa. Si utaratibu mbaya, mradi pande zote mbili zijue zinauza nini. Mkulima anauza nafasi ya bei kupanda. Mfanyabiashara ananunua hatari ya bei kushuka. Bei ikipanda sana, mkulima atashawishika kuuza pembeni usiku. Ikishuka sana, mfanyabiashara atazima simu. Andikeni mbele ya mtendaji wa kijiji, na badala ya bei moja wekeni bei ya chini na ya juu, ili hakuna atakayetamani kukimbia.

Uliza shamba liko wapi kutoka mtoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Bustani nyingi nchini zimekaa humo humo, na siku viongozi wanapoamua kusafisha vyanzo vya maji, fedha yako inasafishwa pamoja na nyanya. Kwa wenye pampu, matumizi ya maji ya mto yanahitaji kibali cha Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu, yenye makao yake Morogoro. Vibali hivi havifurahishi kuvifuatilia, najua.

Uliza pia kuhusu mifugo. Kiangazi kikikolea, kijani pekee bondeni ni bustani, na ng'ombe hawasomi mikataba. Kilosa haijasahau Desemba 2000, wakati ugomvi wa wakulima na wafugaji ulipofika Rudewa Mbuyuni na watu 38 wakauawa. Bustani iliyo kando ya njia ya mifugo bila uzio na bila makubaliano na wafugaji iwekwe kwenye hesabu kama shamba lenye mavuno nusu.

Kuhusu ushuru, bajeti ya mwaka 2017/18 ilipunguza ushuru wa mazao ya chakula kutoka asilimia 5 mpaka 2, na kuondoa ushuru kwa anayesafirisha mzigo usiozidi tani 1 kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Viwango hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo ulizia halmashauri kabla ya kupakia, na dai stakabadhi kila kizuizi. Kwa mboga za magunia, kumbuka kwamba lumbesa ni kosa kisheria. Wakala wa Vipimo wanaweza kuzuia mzigo wako njiani, na kabichi iliyozuiwa siku mbili juani haina mteja.

Usafiri ndio unaofunga hesabu. Kutoka Mikumi mpaka Dar es Salaam ni kama kilomita 300 za lami, na 50 kati ya hizo zinapita ndani ya hifadhi, ambako mwendo umewekewa kikomo na faini ya kugonga mnyama inaweza kumeza faida ya lori zima. Kipande kigumu zaidi mara nyingi ni kile cha kutoka shambani mpaka barabara kuu. Hapo nyanya hupondeka kuliko safari nyingine yote, na hapo ndipo tenga lililojazwa mpaka juu likafungwa kwa kamba linapomponza mwenyewe. Treni ya SGR iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024 inapita Kilosa, na imemrahisishia mtu wa Dar safari ya kwenda kutazama kitalu, ingawa matenga bado yanapanda Fuso.

Fuso la tani 7 linabeba matenga kama 175 ya kilo 40. Ekari moja inachumwa kidogo kidogo, mara moja kwa wiki, kwa mwezi mmoja na nusu hivi, kwa hiyo mkulima mmoja halijazi. Wanahitajika sita au saba waliopanda wiki moja na wanaoweza kupakia siku moja. Anayetaka kuwapata awatafute sasa, wakiwa bado kitaluni, na lori la katikati ya Septemba aliwekee oda mwezi Agosti, kabla wenye mahindi hawajayamaliza.